Barua ya wazi kwa Idara ya Misheni: unga wa Juni hatuuhitaji

Kongwa, Dodoma
Machi 2025

Kwa Baba Askofu,
Kwa Mkurugenzi wa Idara ya Misheni na Uinjilisti,
Kwa Mwenyekiti wa Umoja wa Vijana, kanisa la mjini linaloandaa safari,

YAH: SAFARI YA MISHENI YA VIJANA INAYOTARAJIWA KUFANYIKA JUNI MWAKA HUU KATIKA MTAA WETU

Bwana Yesu asifiwe. Mbukwenyi.

Mimi ni katibu wa kamati ya mtaa, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na naandika kwa idhini ya kamati nzima. Utaratibu tuliufuata. Barua yetu ilipita kwa mwinjilisti, ikapita kwa mchungaji wa parishi, ikafika idarani na kupigwa mhuri wa kupokelewa. Tukaambiwa suala linafanyiwa kazi. Tulipopiga simu tuliambiwa mhusika yuko safarini. Tulipopiga tena, mhusika yuko kikaoni. Kisha tukaona kwenye simu za vijana wetu tangazo la kuchangisha fedha za safari nyingine, tarehe zimeshapangwa, basi limeshatajwa, na picha ya mtaa wetu imewekwa juu yake. Ndiyo maana leo tunaandika hadharani. Yaliyomo humu si mapya kwenu.

Kwa wasiozijua safari hizi, ni hivi. Kila Juni vijana wa kanisa la mjini, wengi wao wanafunzi wa vyuo, wanakuja Kongwa kwa wiki moja wakiwa na fulana za rangi moja, vipaza sauti, jenereta na projekta. Mara nyingine wanaungana na vijana wa kanisa rafiki kutoka Marekani. Mchana wanagawa chakula na nguo, wanapima watu afya, wanacheza na watoto. Jioni kuna mkutano wa injili kwenye uwanja wa shule. Jumapili tunaagana, inapigwa picha ya pamoja, basi linaondoka. Na vijana wenyewe hatuna ugomvi. Wana adabu, wanaimba vizuri, na wapo waliokaa na wazee wetu usiku wakifundishwa kupiga zeze mpaka jenereta likaishiwa mafuta. Malalamiko yetu yanawahusu ninyi mnaowapangia.

1. Msimu

Mvua za kwetu ni za msimu mmoja. Zinaanza Desemba, zikijaliwa zinafika Aprili. Mtama, uwele na mahindi tunavuna kuanzia Mei, alizeti inafuatia. Juni ni mwezi ambao hata kaya ya mjane ina kitu kwenye kihenge, na ndio mwezi ambao mnatuletea unga. Mfuko wa sembe, mchele kidogo, chupa ya mafuta, mche wa sabuni. Watu wanapanga foleni na kuponi mkononi, wengine wakiwa wameacha alizeti shambani inapukutika.

Kwa nini Juni? Tuliuliza, tukapewa jibu la kweli: kwa sababu vyuo na shule vimefunga. Kwa hiyo ratiba ya njaa ya Kongwa inapangwa na kalenda ya mitihani ya mjini.

Huenda mkasema unga hauozi, na mwenye kihenge kilichojaa hakatai cha ziada. Hebu tuangalie unachofanya unga huo kijijini. Soko kubwa la mahindi la Kibaigwa liko ndani ya wilaya yetu, kwenye barabara kuu ya Dodoma na Morogoro. Juni kila mtu ana mahindi na kila mtu ana shida ya fedha: deni la mbegu, sare za shule, michango. Bei inakuwa chini kabisa ya mwaka mzima, na mlanguzi anajua. Kinachomwokoa mkulima mdogo asitoe gunia lote kwa bei ya kutupa ni wateja wa hapa hapa. Walimu wa shule, muuza duka, mama ntilie wa senta, hawa wananunua debe moja moja kwa jirani, kwa bei yenye utu. Wiki ya misheni hawanunui, na wiki kadhaa baada yake hawanunui, kwa kuwa kila nyumba ina unga wa bure. Mama mwenye mashine ya kusaga anakaa kwenye kibaraza chake, mkanda wa mashine umefunguliwa, anawatazama watu wakipita na mifuko yenye nembo ya kiwanda cha Dar es Salaam.

Sasa tuje Machi, mwezi huu ninaoandika. Mahindi yapo shambani, mabichi. Kihenge kimebaki vumbi na fukufuku. Zipo nyumba zinazokula mara moja kwa siku, ugali kidogo na mlenda wa kukausha, na wanaume wameshuka Morogoro kutafuta vibarua. Sembe dukani imepanda mpaka watu wanapimiwa kwa kikombe. Watoto wanasinzia darasani saa nne asubuhi. Nilifundisha miaka mingi katika wilaya hii, na nilikuwa najua mwezi tuliomo kwa kutazama shingo zao. Wageni wenye fulana za rangi moja hawajawahi kufika Machi.

Nimeanza na hili kwa makusudi. Mengine yote kwenye barua hii yangeweza kusahihishwa kwa kikao kimoja, lakini hili linaonyesha kwamba katika kupanga safari hizi hakuna mtu wa Kongwa aliyewahi kuulizwa lolote.

2. Picha

Hapa nawaomba msome taratibu, maana ndipo panapouma.

Kuna bibi mmoja wa kwaya ya akina mama. Kijana mwenye kamera alimkuta nje ya nyumba anapepeta mtama, amejifunga kitenge kipya alichokivaa kuwapokea wageni. Akaombwa abadilishe, avae nguo za kila siku. Akaingia ndani, akatoka na kanga iliyochanika ambayo huwa anabebea samadi. Akaambiwa ungo auweke pembeni, ashike bakuli tupu. Akashika. Akaambiwa asitabasamu. Hapo alisita kidogo, akauliza kwa Kigogo kama amekosea jambo, na mkalimani akamwambia hapana, ni picha tu.

Picha hiyo ndiyo iliyo kwenye tangazo lenu la michango, na chini yake mmeandika kwamba hajui leo atakula nini. Nyuma ya bega lake kuna kihenge. Anayejua kutazama ataona kimejaa mpaka mfuniko haukai sawa.

Baba Askofu, unajua mzigo ambao Wagogo tumeubeba katika nchi hii. Tumetaniwa uombaomba kwa miaka. Watani zetu wakitutania tunacheka, utani una haki zake na sisi tunawarudishia. Lakini kijana wetu akienda Dar es Salaam kutafuta kazi anaulizwa kabila lake, kisha anaulizwa amepangiwa kukaa taa zipi za barabarani. Kijana huyo ni msharika wako. Sasa kanisa lake mwenyewe limechukua dhihaka ile, limeichapa kwa rangi na kuweka namba ya kutumia pesa.

Kuhusu watoto nitataja sheria, kwa kuwa huruma tuliijaribu kwenye barua zilizopita. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Watoto wetu wamepigwa picha wakiogeshwa, wakivalishwa viatu, wakiwa na makamasi puani, na majina yao yameandikwa. Hakuna mzazi aliyeulizwa wala aliyesaini kitu. Hao wanafunzi wa vyuo wangekubali mdogo wao apigwe picha ya namna hiyo bila mama yao kujua?

(Droni nayo. Ilipita chini juu ya mazizi jioni, ng'ombe wakavunja boma, tukashinda usiku kuwatafuta. Hilo tumelisamehe, ila msirudie.)

3. Macho

Wilaya ya Kongwa inajulikana duniani kwa jambo ambalo hatulifurahii: trakoma, vikope. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wamefanya kazi humu tangu miaka ya 1980, na mengi yanayojulikana leo kuhusu ugonjwa huu yametoka kwenye vijiji vyetu. Utafiti uliofanyika hapa na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba mtoto ambaye uso wake unakaa safi, akiwa amepata na dawa, ana hatari ndogo ya kuwa na trakoma kali. Neno la kushika hapo ni unakaa. Kunawa leo na kesho hakutoshi. Ndiyo maana kazi ile ilihitaji mikutano ya mtaa kwa mtaa, wazazi, walimu, na maji.

Shirika la Afya Duniani lina mpango wake wa kupambana na trakoma: upasuaji kwa wale ambao kope zimegeukia ndani, dawa kwa jamii nzima, usafi wa uso, na mazingira yenye maji na vyoo. Dawa ya azithromaisini hugawiwa na serikali kijiji kizima kwa pamoja. Ukimtibu mtoto mmoja ukawaacha ndugu zake anaolala nao, nzi wataurudisha ugonjwa kabla mwezi haujaisha.

Kambi yenu ya afya ilifanya nini? Iliweka meza chini ya mbuyu, vijana wawili wa mwaka wa pili chuoni wakiwa na makoti meupe, na katoni ya dawa za macho. Kila mtoto mwenye macho mekundu akapewa tyubu ya tetrasaiklini. Dawa hiyo ili ifanye kazi hupakwa mara mbili kwa siku kwa wiki sita. Ninyi mlikaa wiki moja. Maelezo kwenye boksi yalikuwa ya Kiingereza na mama wengi walielewa kwamba ni ya kupaka jicho likiuma. Mganga wa zahanati yetu, ambaye ana daftari la wagonjwa wa vikope na anajua nani anasubiri upasuaji, hakuambiwa lolote. Alikuja kujua pale wagonjwa wake walipoacha kwenda, wakisema wameshatibiwa na wazungu.

Bibi mmoja kati ya hao alikuwa na kope zilizogeuka. Alikuwa kwenye orodha ya upasuaji. Timu ya wilaya ilipokuja hakwenda, alikuwa anasubiri tyubu yake imponye. Jicho la kushoto sasa haoni.

4. Idadi ya waliookoka

Hili nitalisema kwa wepesi, ingawa si dogo.

Wamisionari wa CMS, chama cha misheni cha Kianglikana kutoka Uingereza, waliweka kituo Mpwapwa, majirani zetu, katika miaka ya 1870. Kuna nyumba hapa ambazo ni Wakristo kwa vizazi vinne. Nyimbo za Kigogo za kanisani zimezeeka kuliko jengo la kanisa lenu la mjini. Lakini kila Juni tunahubiriwa kana kwamba jina la Yesu limefika jana kwa basi, na mwisho wa mkutano tunaombwa kuinua mikono, na mikono inahesabiwa, na hesabu inaenda kwenye ripoti.

Mpiga gitaa wa kwaya yetu ameokoka kila Juni. Nilipomuuliza alisema, "Mwalimu, wale watu wametoka mbali. Nikaona aibu wakose hata mkono mmoja."

Wakati huo mwinjilisti wetu, anayezika wafu wetu na kufundisha kipaimara, anayeendesha baiskeli isiyo na breki ya nyuma kwenda vitongoji vyote, amekaa kwenye benchi la wageni waalikwa. Kipaza sauti hakijawahi kumfikia. Posho yake ya miezi kadhaa haijalipwa na dayosisi, kwa maelezo kwamba fungu halitoshi.

5. Maji

Mlituwekea tangi na koki mbele ya kanisa, tukashukuru. Kisha mkaliunganisha na bomba la kijiji bila mita na bila kuongea na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambacho kiko chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, na ndicho kinachokusanya fedha za kila ndoo kwa ajili ya dizeli ya pampu na matengenezo. Watu wakahamia kwenye maji ya bure. Makusanyo yakashuka, pampu ilipoharibika hakukuwa na akiba ya kununulia spea, na kijiji kizima kikarudi korongoni, pamoja na sisi wenye tangi. Bango lenye jina la kanisa lenu bado lipo pale, limepakwa rangi vizuri. Kwa macho niliyoyaeleza hapo juu, mtaelewa maana ya nyuso za watoto kukosa maji miezi miwili.

6. Gharama tunazobeba sisi

Wiki nzima akina mama wanapika kwa zamu. Mbuzi wanachangwa, kuni zinachangwa, magodoro yanakusanywa nyumba kwa nyumba, na wenyewe wanalala kwenye mikeka. Hatulalamiki kukirimu. Tunasema tu kwamba kwenye hesabu zenu sisi tumeandikwa wanufaika.

Najua majibu yatakayokuja, maana mengine tumeshayasikia pembeni.

Mtasema kijiji kilikubali, mtendaji alisaini. Mtendaji alisaini kibali cha kufanya mkutano wa hadhara. Hakuna aliyemuuliza kuhusu unga, tyubu, wala bakuli la bibi.

Mtasema hatuna shukrani kwa wageni. Hili linahitaji kujibiwa vizuri. Kongwa imeshapokea wageni wa kila aina. Wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC na SWAPO walikuwa na kambi hapa katika miaka ya 1960, na wazee wetu waliishi nao kama ndugu. Watafiti wa macho tumewafungulia nyumba zetu miaka nenda rudi, wakagusa kope za watoto wetu, kwa kuwa walikuja kwa utaratibu, walirudi tena na tena, na walituambia walichokiona. Na tumepokea wageni wa aina nyingine. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na mradi wa karanga. Walikuja na matrekta, na vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, kulima maelfu ya ekari kwa ajili ya mafuta ya kula ya watu wao. Baba yangu alikuwa kibarua pale. Alikuwa akisimulia kwamba mzee yeyote wa Kigogo angewaambia mvua za hapa zinadanganya na udongo ukikauka unakuwa saruji, lakini wazee waliitwa kung'oa visiki tu. Mradi ulifungwa mwaka 1951, na serikali yao ikafuta hasara ya pauni milioni 36. Sitaki kuwafananisha vijana wetu na wakoloni, itakuwa uonevu. Naleta habari hii kwa sababu imetokea kwenye ardhi hii hii, na kosa lenyewe, la kutowauliza wenyeji msimu, mnalirudia.

Wala sisi si wa kwanza kusema hivi ndani ya kanisa. Mchungaji John Gatu wa Kenya, wa kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, alisimama Milwaukee, Marekani, mwaka 1971, akawaambia waliomwalika kwamba wamisionari na fedha zao wasimame kwanza, ili makanisa ya Afrika yapate nafasi ya kusimama yenyewe. Wakubwa walikasirika. Mwaka 1974 mkutano wa makanisa ya Afrika yote uliofanyika Lusaka ukaunga mkono wazo hilo. Hakuna aliyemtoa Gatu kwenye ushirika kwa kukosa shukrani.

Mtasema safari hizi zinawabadilisha vijana. Yawezekana. Mjukuu wangu aliye chuo alinitafutia utafiti wa Kurt Ver Beek, aliyefuatilia makundi ya misheni kutoka Marekani na Kanada yaliyokwenda Honduras kujenga nyumba baada ya kimbunga Mitch cha mwaka 1998. Nyumba moja iliyojengwa na shirika la wenyeji iligharimu kama dola 2,000. Iliyojengwa na kundi la wageni, ukijumlisha nauli zao, ilifika kama dola 30,000. Na alipowauliza waliosafiri, mabadiliko ya kudumu katika maisha yao yalikuwa madogo kuliko walivyojisifu waliporudi. Honduras si Kongwa, lakini nauli ni nauli. Kama lengo ni malezi ya vijana wenu, semeni hivyo kwenye tangazo la michango, na msitumie sura ya bibi yetu kulilipia.

Na mtasema wahisani wametoa fedha kwa ajili ya safari, haziwezi kubadilishwa matumizi. Waulizeni. Waonyesheni barua hii. Nadhani wengi wao ni wakulima au watoto wa wakulima, wataelewa bei ya Juni na bei ya Machi bila semina.

Tunachoomba ni haya.

Safari ya Juni mwaka huu isifanyike kwa mpango uliopo.

Fedha zilizokusanywa zitumike kununua mahindi na mtama wa wakulima wa mtaa huu na mitaa jirani mwezi huo huo wa Juni, kwa mzani, bila lumbesa, kwa bei inayozidi kidogo ya mlanguzi. Nafaka ihifadhiwe kwenye stoo ya kanisa, ndani ya mifuko isiyopitisha hewa, ambayo wadudu hawaishi ndani yake. Stoo ipo, ina paa zima, na tutaweka kufuli tatu, moja la kamati, moja la akina mama, moja la serikali ya kijiji. Februari na Machi ifunguliwe. Wajane, wazee wasio na watu na wagonjwa wapewe bure kwa orodha itakayosomwa hadharani. Wengine wauziwe kwa bei ile ya Juni na gharama ya mifuko, na fedha inayopatikana inunue tena Juni inayofuata. Mkitusaidia kuanza, baada ya misimu michache hatutahitaji msaada wenu kwa jambo hili.

Picha ya bibi na picha za watoto ziondolewe zote, na bibi aombwe radhi nyumbani kwake, na mtu mzima mwenye cheo, ana kwa ana. Ujumbe wa simu hautoshi.

Huduma yoyote ya afya ipitie kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na zahanati yetu. Tangi likabidhiwe kwa chombo cha maji na lifungwe mita. Posho ya mwinjilisti ilipwe. Hili halihitaji kikao.

Hesabu ya safari iliyopita, mapato na matumizi, ije isomwe mbele ya kamati ya mtaa. Sisi huwa tunawasomea waumini mpaka hela ya mshumaa.

Na vijana wanaotaka kuja, waje. Waje Januari wakati wa palizi, wachache, bila projekta, walale tunapolala. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa Januari tutawasamehe hizo siku mbili na kuwapa jembe siku ya kwanza. Wakibaki mwezi mmoja watakuwa wameona njaa ilivyo, watajua majina yetu, na wakitaka kuhubiri mwinjilisti atawapangia zamu.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya Pasaka. Tunaomba pia kikao kifanyike hapa, si mjini, kwa sababu watu wenye maelezo ni wengi na nauli hawana. Kamati ya mtaa inakaa Jumapili ya kwanza ya kila mwezi baada ya ibada. Mkija kwa basi shukeni Mbande, bodaboda zipo na zinalijua kanisa. Mkituarifu siku mbili kabla, chakula kitakuwepo, ingawa mwezi huu kitakuwa kidogo.

Wenu katika Kristo,

Katibu wa Kamati ya Mtaa,
kwa niaba ya wazee wa kanisa, akina mama na vijana wa mtaa,
Wilaya ya Kongwa

Nakala: Mchungaji wa Parishi, Mwinjilisti wa Mtaa, Serikali ya Kijiji, Mganga Mfawidhi wa Zahanati